Kamusi haiandikwi kwa rangi

Mwaka jana nilikusanya maneno ya Kinande ya shamba na chakula kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nilianza kwa nyanya yangu pembeni ya Butembo, kisha nikaenda Beni kwa jamaa waliokimbia vijiji vya upande wa Oicha. Maneno yalikaribia elfu moja. Niliyaandika katika Word kama tunavyofanya sote: neno kwa herufi nene, ngeli kwa herufi za mlazo, toni ya juu kwa rangi nyekundu, maana ya Kiswahili kwa bluu. Ukurasa ulipendeza.

Siku ya kuchapisha nilipeleka flashi kwenye kibanda cha mashine mjini. Printa ilikuwa ya wino mweusi tu. Nyekundu na bluu zote zikatoka kijivu. Hilo ningelivumilia. Lililoniuma ni swali la mwalimu wangu wiki iliyofuata: majina mangapi ya ngeli ya 9 yana toni ya juu kwenye mzizi? Ni swali la dakika moja. Mimi nilihesabu kwa kidole usiku mbili, nikapata hesabu mbili tofauti.

Kosa halikuwa la mwenye kibanda. Nilikuwa nimeandika sura ya maneno bila kuandika kila kipande ni kitu gani. Mimi nilijua kwamba nyekundu ni toni ya juu. Kompyuta ilijua kwamba ni nyekundu, basi.

Kwa hiyo natoa hoja: kila mwanafunzi wa kitivo chetu anayekusanya maneno au masimulizi afundishwe kuyaandika katika XML, kwa kutumia kihariri cha bure kinachoonyesha ukurasa kama ukurasa.

XML ni kiwango kilichopitishwa na W3C mwaka 1998. Kila kipande cha maandishi hupewa lebo inayosema ni nini, na lebo tunaweza kuzitunga kwa lugha yetu:

<neno><umoja>omundu</umoja><wingi>abandu</wingi><mzizi>-ndu</mzizi><maana>mtu</maana></neno>

Tazameni faida yake kwa Kinande. Majina yetu mengi huanza na irabu tangulizi: omundu, abandu, omukali, emiti. Ukiyapanga kwa herufi ya kwanza, kamusi nzima inajazana chini ya A, E na O. Ukiyapanga kwa mzizi, mwanafunzi wa sekondari hapati neno analolitafuta. Katika Word ni lazima uchague njia moja, na ukibadili mawazo unaanza upya. Faili yenye lebo hupangwa kwa njia zote mbili, kwa sababu mzizi una mahali pake na neno zima lina mahali pake. Vivyo hivyo tahajia ya ndugu zetu Bakonzo wa Uganda, wanaoandika Lhukonzo, inaweza kukaa kando ya yetu bila ugomvi.

Najua mabano hayo yanatisha. Ndiyo faida ya kihariri cha kuona. Mimi nilitumia XMLmind XML Editor, toleo la Personal Edition. Limeandikwa kwa Java, hivyo linaendeshwa kwenye Windows na Linux pia. Mabano huyaoni: unaona neno, ngeli na maana zimepangwa kwa mtindo wa CSS uliouchagua. Ukitaka kuweka maana mahali pa wingi, chombo kinakataa, kwa kuwa kinafuata skima, yaani orodha ya kanuni za faili yako. Kwa anayetaka kamusi tu, FLEx ya SIL ni ya bure na hutoa XML. Lakini bure ya leo si ahadi ya kesho, na kila chombo kina masharti yake, yasomeni. Usalama wetu uko katika faili: ni maandishi matupu, na chombo kikitoweka yatafunguliwa na kingine.

Wenzangu wananiambia: "Sisi tunataka kumaliza masomo, hatutaki kuwa mafundi wa kompyuta." Nawaelewa. Umeme unakatika, na kompyuta moja inatumiwa na watu wanne. Ila muda niliopoteza kwa kuhesabu rangi ungetosha kujifunza chombo hiki. Wengine wanasema kamusi ya Kinande na Kifaransa ya Kavutirwaki na Mutaka, iliyotolewa na jumba la makumbusho la Tervuren mwaka 2012, inatosha. Ni kazi kubwa, nami naitumia kila siku. Lakini kila mwaka wanafunzi huleta maneno mapya, na maneno hayo hulala kabatini kwa sababu hakuna awezaye kuyaunganisha: kila mmoja ana rangi zake.

Nami nina deni. Mzee aliyenipa majina ya mbegu za maharagwe alifariki Beni, katika nyumba ya wenyeji waliompokea, mbali na shamba lake. Katika faili yangu baadhi ya maneno yake ni mekundu. Wakati ule nilitumia nyekundu kwa toni ya juu, na siku nyingine, kwa haraka, nikaitumia kwa maneno ya kwenda kumuuliza tena. Leo siwezi kutofautisha, wala sina wa kumuuliza. Tangu 2014 vijiji vya Beni vinaendelea kuhama; wako wazee wengi kama yeye.

Napendekeza mambo matatu. Walimu na wanafunzi wakae alasiri moja, watunge skima fupi ya lebo zisizozidi kumi. Kila kazi inayokusanya lugha ikabidhiwe kwa karatasi na kwa faili ya XML, pamoja na ruhusa ya waliosema. Nakala zihifadhiwe Butembo na Beni, kwa sababu barabara iliyo katikati haipitiki kila siku.

Na katika lebo hizo kumi, moja iitwe <kuuliza>.