STAA ANAPASUA SPRINGI, DEREVA ANAKATWA MSHAHARA!

Jamani! Staa mmoja wa Mbeya, jina kapuni, kanunua ndinga ya springi za upepo na tairi nyembamba kama mkanda, halafu anataka ivute tela la jenereta na spika mpaka shoo za vijijini. Dereva wake alimwambia mapema: bosi, tafuta Land Cruiser ya zamani, 80 au 105. Akachekwa, eti hizo gari za mapadri.

Sasa springi zimepasuka Chimala kwenda Kitulo, kwenye kona za Hamsini na Saba, anayekatwa mshahara ni dereva! Haki gani hiyo?

Mapadri wana akili, bwana. 105 yenye injini ya 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, silinda 6, haina turbo. Mlimani na mzigo inajikokota, kweli, wenye mbio watakupita. Lakini ekseli ya mbele ni nzima kama ya lori, springi za chuma, na fundi wa Mwanjelwa au Mafinga anaifungua bila kompyuta. Ukishuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni na tela nyuma, unaweka gia nzito, injini inazuia mzigo, breki haziungui.

Kuagiza ya zamani Japani, kodi ya uchakavu inauma. Atafute iliyopo nchini, alale chini aangalie kutu kwenye chesisi, hasa pale tela linapofungwa.

Na pesa ya dereva irudi kabla ya shoo ya Iringa.