Kabla ya kuamini hesabu, tuulize nani hakuhesabiwa

Vijana wenzetu wa Kasongo na Kabambare, na ninyi wenye mulitoka huku na sasa muko Kindu, Bukavu ao Kinshasa,

Kila wiki kwenye WhatsApp kunapita ujumbe: « utafiti umeonyesha ». Umeonyesha kama chanjo fulani haisaidie, umeonyesha kama ugonjwa fulani umeisha. Mutu anaweka asilimia, mabishano yanaisha. Sisi tunasema hapana, ni pale ndipo yanapashwa kuanza. Na mfano tusiutafute mbali, uko hapa hapa Kasongo.

Mwaka 1971, Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianza hapa kazi iliyoitwa Projet Kasongo: vituo vya afya karibu na watu, na hospitali moja ya kuvisaidia. Zoni za afya tunazozijua leo katika inchi nzima zilijifunza mengi kutoka hapa. Wazee wanakumbuka. Lakini vijana wengi hawajui hili: mwaka 1981 timu ile ilitoa katika gazeti la waganga, The Lancet, utafiti juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wa miezi 7 mpaka 35. Walilinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa. Katika umri ambao surua inakamata zaidi, waliochanjwa walikufa kidogo kuliko wengine. Kisha, watoto walipokua, ile tofauti ikaanza kupungua. Wakauliza: labda mtoto dhaifu anayeokolewa na surua atakufa tu kesho kwa ugonjwa mwingine?

Swali hilo lilikuwa na uzito. Kama jibu ni ndiyo, mwenye kushika feza anaweza kusema chanjo ya surua ni hasara tupu. Waganga walibishana miaka mingi. Mwaka 1995, katika British Medical Journal, Peter Aaby na wenzake walikusanya tafiti za Bangladesh, Benin, Burundi, Guinea-Bissau, Haiti, Senegal na hii inchi yetu, wakati ule Zaire. Picha ikageuka: waliochanjwa waliishi zaidi, tena kupita kile ambacho kuzuia surua peke yake kungeweza kueleza.

Ni nani alidanganya? Hakuna. Hapo ndipo tunaomba mutuelewe muzuri.

Kuna kosa la bahati. Ukifuata watoto kumi, bahati inaweza kukupoteza. Fuata elfu kumi, nguvu yake inapungua. Lakini kuna kosa lingine ambalo wingi hauliponyeshe. Nenda sokoni ununue mchele kwa kopo lenye kitako kilichogongwa kuingia ndani. Pima mara moja, unaibiwa. Pima mara elfu, unaibiwa mara elfu, na kila mara upande ule ule.

Katika utafiti wa chanjo, kopo la namna hii liko wapi? Angalia kwanza nani anachanjwa. Mara nyingi ni mtoto wa mama anayekaa karibu na kituo, mwenye feza kidogo, mwenye kusoma. Mtoto huyo angekuwa na bahati ya kuishi hata bila sindano, basi chanjo inasifiwa kwa kazi ya barabara. Kisha angalia kadi. Mtafiti anarudi kisha miaka miwili, anaomba kadi ya chanjo. Mtoto yuko hai, kadi iko. Mtoto alikufa, kadi nayo mara nyingi ilishapotea. Wakimwandika « hakuchanjwa », kifo chake kimehamishwa upande kwa kalamu tu. Kwa hiyo hata tafiti zinazotufurahisha zinapashwa kuulizwa vilevile. (Watoto wetu tunawachanja, asitokee mutu kutusingizia. Surua ya 2018 mpaka 2020 iliua zaidi ya watu 7,000 katika inchi hii, na hao ni wale walioripotiwa.)

Walioripotiwa. Tuongee sasa Kabambare. Mtoto akifia msituni upande wa Salamabila, ambako watu wanakimbia risasi na motari anakataa kuingia, nani anamwandika? Timu ya utafiti ikishindwa kufika, inaweza kuchukua kijiji kingine kando ya barabara na kukiweka pahali pake. Kwenye karatasi idadi ya vijiji imetimia. Lakini kijiji cha kando ya barabara si ndugu ya kile kilichokimbiwa. Na kwa hesabu ile ile wanaamua dawa ziende wapi.

Mpox nayo ni vile. Wenye vipele vichache wanabaki nyumbani, basi kituoni ugonjwa unaonekana mkali kupita kiasi. Wenye kufia mbali hawaonekane, basi unaonekana mwepesi. Makosa mawili, kila moja linavuta upande wake, na namba moja kwenye ripoti haikuambie lipi limeshinda.

Tunaomba hivi. Kila timu inayokuja kufanya utafiti Kasongo na Kabambare, iwe ya wizara, ya universite ao ya shirika, mbele ya kuondoka iseme kwenye redio za hapa: ni vijiji gani haikufika, wangapi walikataa ao walikuwa wamehama, na watoto wasio na kadi iliwaandika namna gani. Matokeo yarudi kwetu, kwa Kiswahili. Na kwenye mlango wa ofisi ya kila zoni ya afya ibandikwe orodha ya vijiji vilivyorukwa, hata kama ni ndefu.