TAHARIRI: Viren aliangushwa mezani, si mlimani

ULIZA shabiki yeyote wa The Dragon Prince ni lini Viren alipigwa chini, na atakujibu bila kufikiria mara mbili: mwisho wa msimu wa tatu, pale Rayla alipomrukia kwenye kilele cha mlima na wakaporomoka wote wawili. Hiyo ndiyo picha ambayo watu hubandika kwenye status. Hiyo ndiyo video fupi inayozunguka kwenye simu.

Sisi tuna maoni tofauti. Viren alishindwa mapema zaidi, katika msimu wa pili, akiwa ameketi mezani na nguo zake safi, bila upanga wala moto. Na aliyemshinda ni mtoto wa rika la shule ya msingi.

Tunaandika haya kwa sababu onyesho hilo lina somo ambalo wewe kijana wa mjini unalihitaji kuliko mapigano yote ya majoka. Kama bado hujatazama na hupendi kusimuliwa mwisho wa stori, basi tafuta bando kwanza, utazame, kisha urudi.

Kwa asiyeijua, The Dragon Prince ni tamthilia ya katuni iliyoonyeshwa Netflix kuanzia 2018 hadi 2024. Ina misimu saba, kila msimu una sehemu tisa. Ilibuniwa na Aaron Ehasz na Justin Richmond. Ehasz ndiye aliyekuwa kiongozi wa waandishi wa Avatar: The Last Airbender, ile ambayo wengi wenu mlikua mkiitazama.

Hadithi yenyewe iko katika bara lililogawanywa na mpaka wa uji wa moto wa volkeno. Mashariki kuna Xadia, nchi ya majoka na maelfi, wale viumbe wenye pembe na masikio yaliyochongoka. Magharibi kuna falme tano za binadamu: Katolis, Duren, Neolandia, Del Bar na Evenere. Maelfi na majoka huzaliwa na uchawi. Binadamu hawana, kwa hivyo baadhi yao waligundua uchawi mweusi, ambao hupatikana kwa kuchukua uhai wa viumbe wengine.

Viren ndiye bingwa wa uchawi huo. Ni mshauri mkuu wa Mfalme Harrow wa Katolis, na pia rafiki yake wa miaka mingi. Ni baba wa Soren na Claudia. Si yule adui wa katuni za zamani anayecheka peke yake gizani. Anaongea kwa upole, anafikiri mbali, na mara nyingi anachosema kina mantiki. Ndiyo sababu ni hatari.

Mfalme wa majoka, aliyeitwa Thunder, aliuawa na Harrow na Viren. Maelfi wakatuma wauaji kulipiza kisasi, na Harrow akafa. Viren akataka taji papo hapo, lakini baraza la Katolis likamzuia. Basi akaja na mpango mwingine. Akachukua muhuri wa mfalme, ambao hakuwa na ruhusa ya kuutumia, akawaita watawala wa falme nyingine nne kwenye mkutano. Alitaka kitu kimoja tu: majeshi yote matano yaungane, yavamie Xadia.

Hapo ndipo tunamkuta Malkia Aanya wa Duren. Ni msichana mdogo aliyebeba taji kubwa kuliko umri wake. Viren akamwangalia na kuona mlango rahisi. Akaanza kumsimulia hadithi.

Miaka ya nyuma, Duren ilikumbwa na njaa. Watu 100,000 walikuwa hatarini kufa. Malkia wawili wa Duren, Annika na Neha, walikuja Katolis kuomba msaada. Harrow na mkewe Sarai hawakuwafukuza, ingawa chakula cha Katolis chenyewe hakikutosha. Viren ndiye aliyeleta suluhu: wavuke mpaka kwa siri, wamuue jitu la moto, kisha moyo wake utumike kwa uchawi wa kurutubisha ardhi. Walifanya hivyo na watu wakapona. Lakini Thunder aliwafuata. Annika na Neha walibaki nyuma kumzuia ili wenzao wapite na ule moyo, wakafa. Sarai naye akafa.

Annika na Neha walikuwa mama zake Aanya.

Sasa angalia jinsi jamaa alivyopanga maneno yake. Katolis iliisaidia Duren siku ya shida. Malkia wa Katolis alipoteza maisha katika safari hiyo. Mama zako pia waliuawa na joka. Kwa hivyo, lete jeshi lako.

Aanya aliguswa. Ungeguswa pia. Kumsimulia yatima jinsi wazazi wake walivyokufa kishujaa si jambo dogo. Lakini alipomaliza kusikiliza, hakukurupuka. Alishukuru kwa kusimuliwa habari za mama zake, kisha akakataa. Duren haingeingia vitani. Mpango wa Viren wa falme tano ukaporomoka hapo hapo mezani, naye akarudi nyumbani bila jeshi alilokuwa amelifuata.

Wengi hupita onyesho hili haraka kwa sababu hakuna anayerushwa ukutani. Hebu tulirudie polepole.

Viren hakudanganya katika hadithi yake. Njaa ilikuwepo. Msaada ulikuwepo. Vifo vilikuwepo. Kama Aanya angetafuta uongo ndani ya simulizi ile, asingeupata, na huenda angekubali. Ujanja wote ulikuwa umefichwa katika maneno mawili: "kwa hivyo". Mama zako walikufa wakiokoa watu wasife njaa, kwa hivyo wewe peleka watu wako wakafe vitani. Ukiziweka hizo sentensi mbili kando kwa kando, unaona hazishikani kabisa. Ya pili imebandikwa tu juu ya ya kwanza, na gundi yake ni machozi yako.

Tunasema hivi kwa sababu sisi sote tumefundishwa kupambana na uongo. Tunaambiwa tuchunguze habari kabla ya kusambaza, tuangalie kama picha ni ya zamani, tuulize chanzo. Hayo ni mazuri. Lakini nani ametufundisha cha kufanya na mtu anayetuambia ukweli mtupu, kisha anautumia kutuvuta mahali ambapo ukweli huo haufiki?

Na watu hawa tunao. Kuna mwanasiasa aliyekusaidia kupata basari ukiwa kidato cha pili. Ni kweli alisaidia. Kwa hivyo, njoo na wenzako mvuruge mkutano wa mpinzani wake. Kuna mjomba aliyekulipia karo mama alipougua. Ni kweli alilipa. Kwa hivyo, weka jina lako kwenye mkopo wake. Kuna rafiki aliyesimama nawe wakati wa matanga, akachanga, akapika, akalala kwenu siku tatu. Ni kweli. Kwa hivyo, mfichie huu mzigo kwako wiki moja tu, usiulize una nini ndani.

Ukikataa, methali iko tayari: fadhila za punda ni mateke. Utaitwa mtu asiye na shukrani. Ndiyo maana tunampenda Aanya. Alishukuru na akakataa kwa wakati mmoja. Alionyesha kwamba haya ni mambo mawili tofauti. Deni la wema lipo, na hulipwa kwa wema. Huwezi kudaiwa uovu kwa sababu mtu fulani aliwahi kukutendea jema.

Tunajua kuna wanaomtetea Viren, na hoja yao si ya kutupwa. Wanasema: huyu jamaa ndiye aliyepata dawa ya njaa wakati wafalme walikuwa wakigawana kidogo kisichotosha. Bila yeye, watu 100,000 wangezikwa. Wanaongeza kwamba katika msimu wa sita alitoa moyo wake mwenyewe kwa uchawi wa kuwakinga watu wa Katolis dhidi ya moto wa joka Sol Regem, na akafa. Je, huyo ni adui au steringi?

Jibu letu ni kwamba Viren hakukosa akili wala ujasiri. Alikosa breki. Lile jitu la moto lilipolipa, alijifunza kwamba uhai wa mwingine ni bei ya kawaida. Kuanzia hapo akaendelea kulipa kwa uhai wa wengine. Alimtuma Soren akahakikishe wana wa mfalme hawarudi wakiwa hai, na akamwambia Claudia kwamba yai la joka lina thamani kuliko kaka yake. Kile kitendo chake cha mwisho kinatugusa kwa sababu safari hii uhai uliotumika ulikuwa wake mwenyewe. Ilimchukua misimu sita kufika hapo. Aanya alielewa tofauti hiyo akiwa mtoto.

Lakini tusikudanganye kwamba ukishasema hapana, mambo yanaisha. Hii ndiyo sehemu ya hadithi ambayo inafaa kukukosesha usingizi kidogo.

Viren aliporudi kutoka mkutanoni hakutubu. Ndani ya kioo cha ajabu alichokuwa amekipata alikuwa amejuana na Aaravos, elfi aliyefungwa humo, mjanja kumzidi yeye mwenyewe. Wakasaidiana kutengeneza wauaji wa moshi na kuwatuma kwa watawala wale wanne, ili waamini kuwa Xadia imewashambulia. Mfalme wa Neolandia aliumizwa vibaya. Mwanawe, Kasef, akawaka kwa hasira na kutaka kisasi. Viren mwenyewe alikamatwa kwa uhaini, lakini kufikia msimu wa tatu alikuwa ametoka, amevaa taji la Katolis, na analiongoza jeshi kuelekea Xadia. Vita alivyovikosa kwa hadithi alivipata kwa hofu.

Ona mpangilio wake: kwanza anakuja na machozi, na yakikataa kufanya kazi, anarudi na hofu. Kwanza unaambiwa "kumbuka tulivyokusaidia". Ukikataa, wiki ijayo unaambiwa "wale watu wanakuja kutumaliza, ungana nasi kabla hujachelewa". Ujumbe unabadilika lakini anayenufaika ni yule yule. Uchaguzi wa 2027 unakuja, na nyinyi vijana ndio mtakaotafutwa kwanza, mitaani na kwenye simu zenu. Mtasikia yote mawili.

Aanya pia alipelekewa wauaji wa moshi. Angeweza kuamini kama Kasef na kubadili msimamo, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakubadilika. Na vita vilipofika kwenye mlima wa majoka, jeshi la Duren lilitokea, likiongozwa na msichana yule yule, likapigana upande wa wale ambao Viren alitaka awaangamize. Kwa hivyo asikwambie mtu kwamba alikataa kwa uoga. Alikuwa tayari kupigana siku zote. Alichokataa ni kupigana vita vya mtu mwingine kwa kutumia kumbukumbu ya mama zake.

Ndiyo maana tunasema Viren aliangushwa mezani. Kule mlimani alizidiwa nguvu, na aliyezidiwa nguvu anaweza kurudi. Kwa kweli alirudi, Claudia alimfufua. Pale mezani alikutana na mtu ambaye hadithi yake haikumwendesha, na hakuna uchawi aliokuwa nao wa kurekebisha hilo.

Basi siku mtu akikusimulia jambo la kweli, la kukutoa machozi, kisha akakuomba kitu, usijisumbue kutafuta uongo. Msikilize hadi mwisho. Mshukuru kama anastahili shukrani. Halafu jiulize maswali matatu tu. Hadithi hii na ombi hili vinahusiana vipi hasa? Nikikubali, ni nani atakayeumia? Na hawa ninaoambiwa nifanye kwa niaba yao, kama mama zake Aanya, wangependa nifanye hivi kweli?

Jibu likiwa la kutilia shaka, sema asante na hapana. Utasemwa. Huenda hata ukaogopeshwa. Lakini hutakuwa umetumiwa, na wale unaowapenda hawatakuwa wametumiwa kupitia kwako.