Mteja Asiye na Hiari



Apitaye Changamwe huyaona matangi makubwa ya kiwanda cha kusafishia mafuta. Kiwanda hicho kilianza kazi mwaka 1963, kikasafisha mafuta ghafi kwa miaka 50. Mwaka 2013 usafishaji ulikoma, yakabaki matangi ya kuhifadhia.

Ni nini kilichokiangusha? Hakikukosa mafundi wala jina. Ila mitambo yake ilizeeka, na kutoka katika mafuta ghafi ilitoa mafuta mengi mazito ya bei ya chini, petroli na dizeli kidogo. Viwanda vipya vya ng'ambo vilikuwa vikisafisha kwa gharama ndogo. Hata hivyo, kampuni za mafuta nchini zililazimishwa na kanuni kununua bidhaa zake, hata zilipokuwa ghali kuliko za nje. Mwaka 2009 kampuni ya Essar kutoka India ilinunua nusu ya hisa, na ikatarajiwa kwamba mitambo ingefanywa upya. Haikufanywa. Mwaka 2016 serikali iliichukua nusu ile.

Kanuni iliyowekwa ili kukilinda kiwanda ndiyo iliyouficha udhaifu wake. Mteja asiye na hiari hununua akinung'unika, na muuzaji huhesabu ununuzi ule kuwa ni ridhaa.

Tusidhani haya ni ya viwanda vikubwa pekee. Mama wa Likoni au Kisauni aanzapo kushona mabuibui au kupika mahamri ya kuuza, wanunuzi wake wa kwanza ni mashoga, mawifi na majirani. Wengi wao hununua kwa kuoneana haya. Mshono ukilegea, hawasemi. Hamri likipoa, hawarudishi. Siku duka jipya lifunguliwapo mtaani, huondoka kimyakimya, naye asijue alipokosea.

Basi tufanye mambo mawili. Kwanza, tumuulize mteja kasoro ya kazi yetu, na tumshukuru aisemapo. Pili, kabla ya kugawana faida, tutenge fungu la kutengeneza cherehani au jiko, maana chombo huchakaa hata biashara inapokwenda vyema.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuongeze kwamba kizuri nacho hutaka kutunzwa. Kuifanya kazi kwa ihsani ni amana ya kila siku, wala haimaliziki kwa sifa za jana.