Eti hamsta ni wa bei rahisi, kwa hiyo afe tu?

Wadau, huku Uingereza wanafunzi kibao wanafuga hamsta, kale kapanya kanene kenye kimkia cha kubahatisha. Akianza kunyonyoka manyoya utasikia jikoni: "Achana naye, daktari ni ghali kuliko bei tuliyomnunulia." Hesabu hiyo mie siikubali hata kidogo.

Kwanza tusitishane. Hamsta wa Syria ana vidoa viwili vyeusi nyongani, kimoja kila upande. Hizo ni tezi za harufu, na kwa dume zinaonekana zaidi. Shavu lililovimba mara nyingi ni chakula amekificha (likibaki hivyo kutwa nzima, hapo sawa, shtuka). Na dume, samahani jamani, korodani zake ni kubwa mno, wala si uvimbe.

Ila uvimbe wa upande mmoja unaozidi kukua ni wa daktari wa wanyama, tena wiki hii hii. Unaweza kuwa jipu, unaweza kuwa saratani, kwa macho hutajua. Hamsta anaishi miaka 2 hivi, 3 akijaliwa. Ukisema "tusubiri mwezi" umemnyang'anya kipande kikubwa cha maisha. Vipara navyo: utitiri wa Demodex huwasumbua hasa wazee na wagonjwa, kwa hiyo huenda kuna ugonjwa mwingine ndani. Kumpaka dawa ya viroboto vya mbwa kunaweza kumuua kabisa.

Hela ya daktari ichangwe kabla ya kununua mnyama. Sie kwenye nyumba yetu tumeanza, pauni moja moja kila wiki.