Kwa Nini Tuiogope Projekta?

Shule yetu inayo projekta moja, na fedha zilizoinunua hazikuokotwa njiani. Hata hivyo chombo hiki hulala kabatini siku nyingi kuliko siku kinazofanya kazi. Muhula huu kidato chetu kilikosa mara tatu masomo ya Biolojia yaliyokusudiwa kuonyeshwa kwa picha, na kila mara tuliambiwa kuwa projekta ni mbovu. Mara ya kwanza waya ulikuwa umelegea. Mara ya pili kompyuta haikuamrishwa kutoa picha nje. Mara ya tatu chujio lilikuwa limejaa vumbi. Kwa hayo fundi aliitwa kutoka mjini, akalipwa nauli na ujira, akakaza waya, akaenda zake. Kidato cha Nne wanaingia katika mtihani mwaka huu, na saa walizozikosa hakuna fundi wa kuwarudishia.

Maoni yangu, wasomaji wenzangu, ni kwamba wanafunzi wachache wa kila kidato wafundishwe kuitunza projekta na kutafuta kasoro zake, kisha wakabidhiwe kazi hiyo chini ya mwalimu mmoja.

Kutafuta kasoro si uganga. Ni kazi ya utaratibu, kama tufundishwavyo katika maabara: anza na lililo jepesi, badili jambo moja tu kwa mara moja, kisha tazama. Projekta isipowaka kabisa, chomeka katika soketi ile ile kitu kingine ukijuacho kuwa ni kizima, ili ujue kama umeme upo. Ikiwaka na ukuta ukabaki giza, tazama kama kifuniko cha lenzi kimeondolewa; msicheke, jambo hili hutokea hata kwa wakubwa. Ikiandika kwamba haipati ishara, basi yenyewe yafanya kazi, ila haijaletewa picha. Kaza waya pande zote mbili. Chagua kwa rimoti tundu lile ulilochomekea waya. Kisha, kama kompyuta ni ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uamuru picha ionekane huku na huku. Kazi yote hii haipiti dakika tano.

Rangi nazo zina habari zake. Waya wa VGA una nafasi za vipini 15, tena vipini vyenyewe ni vyembamba mno. Kimoja kikipinda, huenda rangi moja ikapotea: buluu ikikosekana, pale palipopasa kuwa peupe huwa manjano, kijani kikikosekana, huwa na wekundu wa zambarau. Basi yatupasa kuchomeka taratibu, wala tusisukume kwa nguvu kama mtu afungaye mlango wa ghala. Waya huo pia haupitishi sauti. Anayelalamika kwamba filamu ni bubu na atafute waya wa spika, au atumie HDMI, ambao hupitisha picha na sauti pamoja. Picha ikiwa pana juu na nyembamba chini, chombo kimeelekezwa juu mno. Kwanza kiinue na kukisawazisha, ndipo utumie kitufe cha kunyoosha picha. Ikiwa na ukungu, zungusha pete ya lenzi. Ukungu ukibaki, futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu, wala si kwa pindo la shati lako.

Lakini adui mkubwa wa projekta ni joto, na rafiki wa joto ni vumbi. Taa ya projekta nyingi za mashuleni ni ya mvuke wa zebaki wenye mgandamizo mkubwa, nayo huwa na moto mkali sana. Feni huvuta hewa ya nje ili kuipoza, na hewa hiyo huja na vumbi la kiangazi na unga wa chaki. Chujio likiziba, joto hupanda, na chombo hujizima chenyewe ili kisiungue. Watu wakiona kimezimika baada ya dakika kumi husema kimekufa, kumbe kimejiokoa. Dawa yake ni kuchomoa plagi, kukiacha kipoe, kutoa chujio na kulisafisha kwa brashi laini. Zile zisizo na chujio hufutwa vumbi kwenye matundu yake. Tena kisiwekwe juu ya kitambaa wala kusukumwa mpaka ukutani, kisije kikakosa pumzi.

Somo likiisha, wengi wetu huchomoa plagi mara moja ili tuwahi chakula. Jambo hili ni baya. Yafaa kuzima kwa kitufe na kungoja mpaka feni inyamaze. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika bila kubisha hodi, feni husimama hali taa ingali moto. Betri ya akiba ya kulinda chombo kwa dakika chache ingekuwa ununuzi wa busara.

Wako wanaosema kwamba ni heri chombo kifungiwe ili kidumu. Hesabu yao naiona ina walakini. Taa ya namna hii kwa kawaida hutengenezwa idumu kati ya saa 3,000 na 5,000. Tuseme ni saa 4,000. Tukiitumia saa 2 kila siku kwa siku 200 za mwaka, tutatumia saa 400 tu, na taa itatufaa miaka 10. Taa hupungua kwa saa inazowaka. Kwa kuilaza kabatini twahifadhi saa ambazo hatutazifaidi, na huku sisi tunahitimu na kuondoka.

Wengine husema wanafunzi wataivunja. Hofu hiyo ina haki yake, maana hatari zipo. Mtu asichungulie lenzi projekta ikiwaka. Taa ikipasuka hutoa zebaki. Hapo wote watoke, madirisha yafunguliwe, na vipande visiokotwe kwa mikono mitupu. Sanduku lenyewe lisifunguliwe na mwanafunzi yeyote. Harufu ya kuungua ni kazi ya fundi, na vitone vyeupe vinavyozidi kila siku katika projekta ya DLP, ambayo hutumia vioo vidogo mno, navyo ni kazi yake. Lakini atakayejua mipaka hii ni yupi, yule aliyefundishwa au yule aliyefukuzwa asiguse? Mimi naona anayevunja ni yule abonyezaye vitufe vyote kwa pupa kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha.

Kati ya mwaka 1935 na 1937 lilifanywa hapa Tanganyika jaribio la sinema za mafundisho, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, na filamu hizo zikachukuliwa kwa lori na kuonyeshwa watu wa vijijini. Mitambo ile ilisafiri katika barabara za wakati ule. Yetu yashindwa kusafiri kutoka kabatini mpaka darasani.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, wachaguliwe wanafunzi wawili wa kila kidato, wavulana na wasichana, wafundishwe Jumamosi mbili tu. Pili, kiwepo kitabu cha kuandika tarehe, saa zilizotumika, kasoro iliyoonekana na dawa yake, ili wa mwakani wasianze upya. Tatu, chujio lisafishwe kila mwisho wa mwezi, na mwenye zamu atie sahihi. Haya hayana gharama ila brashi na daftari. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu tutaujenga kwa fedha ambazo zingeweza kununua vitabu.

Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa moyo mweupe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu