Dawa ya Moyo Isiwe Pambo la Tajiri

Kwa miaka mingi mtu aliyetafuta dawa ya kupunguza unene aliuhatarisha moyo wake. Mwaka 1997 fenfluramini iliondolewa sokoni Marekani kwa kuharibu vali za moyo. Mwaka 2010 sibutramini nayo ikaondolewa huko na Ulaya, kwani iliwazidishia wagonjwa wa moyo hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Si ajabu basi kwamba wenye busara walizitazama dawa hizo kwa shaka.

Leo mambo yamegeuka. Novemba 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio la SELECT, lililofanywa katika nchi 41 kwa watu 17,604 wenye umri wa miaka 45 au zaidi. Wote walikuwa na uzito uliozidi na maradhi ya moyo au ya mishipa ya damu, lakini hawakuwa na kisukari. Kati ya waliochomwa sindano ya semaglutaidi kila juma, waliokufa kwa maradhi hayo au kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi walikuwa 6.5 katika kila 100; kati ya waliochomwa sindano isiyo na dawa, walikuwa 8. Hatari ilipungua kwa moja ya tano. Machi 2024 Marekani iliiidhinisha dawa hiyo, iitwayo Wegovy, kwa kazi hiyo.

Kinachozuia kifo si urembo, ni tiba. Lakini mwaka ule bei yake iliyotangazwa Marekani ilizidi dola 1,300 kwa mwezi. Mfanyakazi wa kima cha chini atazitoa wapi? Maradhi ya moyo hayamwulizi mtu mshahara wake. Ni wajibu wa serikali na mifuko ya bima kila mahali kuidai bei ambayo mnyonge ataimudu.

Wananchi nao wasidanganyike. Jaribio hilo halikuwapima wenye moyo mzima, wala sindano si ya kukimbiliwa kwa sababu nguo imebana. Karibu watu 17 katika kila 100 waliotumia semaglutaidi waliiacha kwa madhara yake, hasa ya tumbo. Aitoe daktari, si mchuuzi. Tena haichukui nafasi ya kuacha sigara, kupima shinikizo la damu na kula kwa kiasi.

Nguvu za mfanyakazi ndizo mtaji wake. Dawa inayomlinda asianguke kazini haifai kamwe kugeuzwa anasa ya wachache.